Ufuta Mweusi na Kashata Zetu
(Maelezo ya kamati ya mapishi, siku ya kutimiza miaka 10 ya kikundi, Mwandoya)



Wenzetu waliotutangulia wameeleza habari za hisa, mikopo, mfuko wa jamii, na lile sanduku letu lenye kufuli tatu. Sisi wa kamati ya mapishi tumepewa jambo dogo, ufuta mweusi. Tumeona wengine wanacheka. Chekeni tu, lakini jambo hili dogo ndilo lililokaribia kutuvunja.

Wote mnajua kwamba huku kwetu Meatu zao kubwa ni pamba. Ufuta tunaulima pia, kwa sababu unavumilia ukame, ingawa hautaki maji yatuame shambani. Ufuta kwa wingi uko kusini, Lindi na Mtwara, na huko Naliendele, Mtwara, ndiko kwenye kituo kinachofanya utafiti wa mbegu zake. Wanunuzi wengi wanataka ufuta mweupe wa rangi moja. Ukiwapelekea uliochanganyika na mweusi wanakushusha bei, au wanakurudisha nao nyumbani. Kwa hiyo akina mama waliokuwa na ufuta mweusi waliuona kama mkosi.

Sisi tukasema, kama mnunuzi haupendi, si tuupike wenyewe? Kashata za ufuta si jambo geni. Zinauzwa pwani yote. Unguja wanao mkate wa ufuta, unaokandwa kwa tui la nazi na kunyunyiziwa ufuta juu. Jirani zetu wa Kenya na Uganda wanauita simsim, nao wanatengeneza vidonge vitamu vyake. Mbali zaidi, China wanausaga ule mweusi na sukari wakauweka ndani ya vidonge vya unga wa mchele, na Japani wanautia hata kwenye barafu tamu. Kumbe kitu tulichokuwa tunakitupa, wengine wanakitafuta!

Basi tukakopa kwenye kikundi, tukanunua ufuta kwa mwenzetu mmoja, tukapika, tukapeleka mnadani. Siku ya kwanza zilikwisha. Wiki iliyofuata wateja walirudi, lakini hawakuja kununua. Walikuja kulalamika. Mmoja alisema, "Mama, mnatuuzia mchanga?" Tukaonja wenyewe. Ni kweli, meno yalilia. Kundi la pili likaungua likawa chungu, tukalimwaga lote. Mkopo ukabaki palepale na riba yake.

Hapo ndipo tulipokosea zaidi. Badala ya kukaa na kutafuta chanzo, tulitafuta mtu. Tukasema mwenzetu aliyetuuzia ametia mchanga ili uzito uongezeke kwenye mizani. Tulisema hivyo mkutanoni, mbele yake, bila ushahidi. Alinyamaza, akachukua kitabu chake cha hisa akaondoka. Alikaa nje ya kikundi msimu mzima.

Msimu uliofuata tulilima ufuta wetu wenyewe, tukaupura wenyewe. Nao ulikuwa na mchanga! Ndipo tulipoelewa. Ufuta ukikauka, vifuko vyake hupasuka na mbegu humwagika. Sisi tulikuwa tunaukung'uta juu ya udongo mtupu kisha tunafagia. Kwenye ufuta mweupe uchafu unauona upesi. Kwenye mweusi mchanga umejificha. Hakuna aliyetia mchanga. Ni sisi sote tuliufagia.

Tulimwendea nyumbani tukamwomba radhi, naye akarudi. Lakini tulimshutumu hadharani, na radhi tulimwomba faraghani. Hiyo si haki. Kwa hiyo leo, mbele ya wageni hawa, sisi wa kamati tunasema: dada yetu, ulisema kweli, sisi tulikosea, tusamehe. Jina lake hatulitaji kwa kuwa yeye mwenyewe ametuomba tusilitaje.

Sasa tueleze tulichojifunza, ili kijitabu hiki kimfae na atakayeanza kesho.

Kwanza, pura juu ya turubai, kamwe si chini. Hata hivyo osha. Mimina ufuta kwenye beseni la maji, koroga kwa mkono, kisha uopoe kwa chujio wakati maji bado yanazunguka. Mchanga ni mzito, utabaki chini. Rudia mara 3, au mpaka chini ya beseni pawe safi. Anika siku hiyohiyo kwenye jua kali, maana ukilala na maji utavunda.

Pili, kukaanga. Ufuta mweupe ukiiva unageuka rangi, unauona. Mweusi haukuambii kitu, mbichi ni mweusi na ulioungua ni mweusi. Ndiyo maana tuliuunguza. Dawa yake ni hii: tia punje chache za ufuta mweupe ndani ya ule mweusi ziwe shahidi wako. Zikianza kuwa rangi ya dhahabu, epua. Moto uwe mdogo, usiache kukoroga, na usikilize, maana ukikaribia kuiva unaanza kualika na kuruka.

Tatu, kashata yenyewe. Vikombe 2 vya ufuta uliokaangwa, kikombe 1 cha sukari, maji robo kikombe, iliki iliyotwangwa, chumvi kidogo sana, na matone ya ndimu ili sukari isigande punjepunje. Chemsha sukari na maji mpaka ifike rangi ya asali. Dondosha tone kwenye maji baridi. Likigeuka gumu na kuvunjika, iko tayari. Changanya upesi, mwaga kwenye ubao uliopakwa mafuta, sukuma kwa chupa. Kata ingali moto. Ikipoa itavunjika ovyo, na vipande vibovu huliwa na watoto wa mpishi!

Jamani, msiwadanganye wateja. Wako wanaosema ufuta mweusi unaotesha nywele na kuondoa uzee. Sisi tunauza kashata, hatuuzi dawa. Ni chakula kizuri, karibu nusu ya mbegu ni mafuta, na ina protini na madini ya chuma. Hiyo inatosha. Tena wapo watu wachache ambao ufuta unawadhuru mwilini, wakiula wanavimba au wanabanwa pumzi. Kwa hiyo ukiutia ndani ya andazi, mwambie mnunuzi kabla hajala.

La mwisho ni hesabu. Mwanzoni tulihesabu ufuta na sukari tu, tukajiona tuna faida. Tulisahau mkaa, mifuko, nauli ya Mwanhuzi na Bariadi, na siku nzima ya mtu jikoni. Sasa tunaandika vyote.

Ndugu wanachama, tuna ombi. Siku ya kugawana inakaribia, na kila mtu ana shida zake, hata sisi tunazo. Lakini tukigawana zote, wakati wa mavuno ufuta ukiwa rahisi hatutakuwa na kitu, tutaununua baadaye kwa bei ya juu. Tunaomba kila mmoja aache sehemu ndogo, kwa hiari yake, iandikwe kitabuni kwa jina lake. Na atakayeshika daftari la ununuzi, tunapendekeza awe yule dada yetu. Haba na haba hujaza kibaba, na punje ya ufuta ni haba kuliko haba zote.

Kashata ziko pale mezani, karibuni muonje. Hazina mchanga.