Kwa nini gesi yetu ilizimika
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Uvira

Mumeniomba nieleze kwa nini gesi ya choo ilisimama miezi miwili. Franga zilikuwa zenu, kwa hiyo sitaficha.

Wazo lenyewe si geni. Kule Cyangugu, ukivuka tu Ruzizi kutoka Bukavu, gereza lilianza kupikia gesi ya vyoo vyake mwaka 2001. Mitambo ilijengwa na wataalamu wa KIST ya Kigali, magereza mengine yakafuata, na kuni zikapungua karibu nusu. Sisi tuliona Mulongwe usiku wa 16 Aprili 2020. Milima ile juu ya mji haina tena miti ya kutupa makala bila hesabu.

Sasa, uchafu wa choo peke yake una gesi kidogo, sababu tumbo la mtu limekwisha kuchukua nguvu nyingi. Mafuta ndiyo yenye moto. Jirani zetu wamama wanaokamua mawese walikuwa wakimwaga matope ya mafuta mferejini, yanateremka mpaka ziwani. (Mawese yenyewe hapana, hayo ni ya mboga na sabuni!) Tukayatia kwenye tangi. Majuma ya kwanza moto ulikuwa wa bluu, maharagwe yanaiva. Tukalewa. Siku moja tukamwaga mapipa mawili kwa mara moja. Kesho yake povu lilipanda, harufu kama siki, moto kwisha.

Kumbe ndani muna mikrobe wa namna mbili. Wa kwanza wanageuza mafuta kuwa asidi. Wa pili wanakula ile asidi na kutoa gesi, lakini hao wanazaana polepole. Mafuta yakizidi, asidi inajaa na mafuta yanawafunika. Waliofika hapa na njaa wanajua: mtu wa namna hiyo unamuanzisha na uji, si na fufu.

Tulisimamisha mafuta, tukatia samadi mbichi ya ng'ombe, tukangoja. Leo ni ndoo moja ya mafuta kwa kumi za choo, na kila asubuhi tunapima asidi na karatasi ya rangi. Maji yanayotoka bado yanaweza kubeba kipindupindu, hatuyamwagii lengalenga.

Wafadhili, saruji mlikwisha kulipa. Tunachoomba sasa ni mshahara wa mtu wa kupima. Mama anayeifanya kazi hiyo bure ametuambia ataacha mwisho wa mwezi.