Kiongozi Anapoanguka, Nani Hubisha Hodi?

Tukitaka kujua kama jamii inamjali kiongozi wake, huwa tunahesabu watu waliojaa uwanjani. Nadhani tunahesabu pasipo mahali pake. Kinachombeba kiongozi siku mbaya ni ujirani uliokuwepo kabla hajapata cheo, na ujirani huo hupimwa siku ambayo cheo hakipo tena.

Chukueni mwaka 1955. Mwalimu Nyerere alirudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, akatakiwa achague kati ya siasa na kazi yake ya kufundisha Pugu. Akaacha kazi, na mshahara ukakatika. TANU, chama chake, haikuwa na hazina ya kumlisha. Ilikuwa na watu. Alipokelewa Kariakoo, nyumbani kwa Abdulwahid Sykes. Mwaka huohuo Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Bomba, alipita kwa akina mama wa vikundi vya Dar es Salaam, na katika miezi michache wanawake wapatao 5,000 wakawa wamejiandikisha. Hawakuanza kufahamiana kwenye kadi ya chama. Walikwisha kuchangiana sare, kupikiana arusini na kulala pamoja kwenye mikeka ya matanga. Siasa ilikuta njia imeshakanyagwa, ikapita.

Nitaambiwa kwamba hotuba ya namna hii ni chakula cha machawa. Kweli, nchi yetu haina upungufu wa watu wanaomtetea mkubwa hata pale asipohitaji kutetewa. Lakini chawa hukaa penye damu. Damu ikikauka, huhama. Jirani ninayemsema hufanya kinyume chake: humbishia kiongozi akiwa madarakani, na humpelekea sukari akiwa hana kitu.

Hapo ndipo historia yetu inapotuaibisha. Bibi Titi aliyewakusanya wengine alishindwa ubunge Rufiji mwaka 1965. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 alipinga sharti la kuwakataza viongozi kupangisha nyumba, akajitoa katika Kamati Kuu. Oktoba 1969 alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 akatoka kwa msamaha wa Rais. Wengi waliokuwa marafiki zake wa siasa walimkwepa.

Pingamizi hapa ni zito zaidi: mahakama ilimtia hatiani, je, majirani walitakiwa waipinge? Hapana. Mama anayeingia msibani na bakuli la uji, kanga imefungwa kiunoni, haulizi kwanza marehemu alikuwa na deni la nani. Anaweka bakuli, anakaa mkekani, wala hakuna anayedhani kwamba amefuta deni. Kumtazama aliyehukumiwa hakumtangazi kuwa hana hatia. Hukumu ni ya dola. Kumjulia hali ni kazi ya mtaa, na mtaa ukiiachia dola kazi zote mbili, kila mwenye cheo atajua kwamba akiondoka ataondoka peke yake. Kiongozi wa namna hiyo hang'atuki. Sisemi woga huo ndio sababu pekee ya watu kung'ang'ania viti, maana tamaa nayo ipo, lakini ni sababu ambayo sisi wenyewe tunaweza kuipunguza.

Kati ya waliomkwepa Bibi Titi kuna waliokuwa na hofu ya kweli, na si haki kuwahukumu kutoka kwenye kiti cha ukumbi wenye feni. Hata hivyo, mwaka 1991, taifa likiadhimisha miaka 30 ya uhuru, gazeti la chama lilimsifu Bibi Titi kuwa shujaa, na leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake. Kati ya lango la gereza na sifa zile kuna miaka 19. Ndiyo ninayowaomba watafiti wetu waende kuiulizia kwa wazee wa mitaa wanaoikumbuka: nani alibisha hodi, na mkononi alishika nini.