Chuma cha Umma Kijenge Pia Viwanda vya Taifa



Katika bonde la Kilombero hakuna asiyeijua thamani ya chuma. Kwa miaka mingi msafiri aliyetoka Ifakara kwenda Ulanga alivuka mto kwa kivuko, na usalama wake ulitegemea huruma ya maji na upepo. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama. Mei 2018 Rais John Magufuli alizindua daraja lenye urefu wa mita 384, na tangu hapo mgonjwa wa Mahenge anayepelekwa hospitali ya Ifakara hasubiri tena zamu ya kivuko. Hiyo ndiyo kazi ya chuma kinaponunuliwa kwa manufaa ya umma.

Hata hivyo, fahari ya daraja isiwafanye wananchi wasahau kuuliza swali la msingi. Kila Serikali inapotoa fedha kununua nondo, mabati, reli au mihimili, fedha hiyo inajenga mambo mawili kwa wakati mmoja. Jambo la kwanza ni mradi wenyewe, ambao kila mtu anauona kwa macho. La pili ni kiwanda kilichokitengeneza chuma hicho, pamoja na ujuzi wa wafanyakazi wake. Je, kiwanda hicho kiko wapi?

Historia ya bonde hili inatoa jibu lenye mafunzo. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikakabidhiwa rasmi Julai 1976. China ilitoa mkopo usio na riba wakati nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa. Kwa kuwa nchi hizi hazikuwa na kiwanda cha kutengeneza reli, reli zenyewe, injini na mabehewa vilitoka China. Hata sehemu ya gharama za hapa nyumbani ililipwa kwa mauzo ya bidhaa za China katika maduka ya Tanzania na Zambia. Rafiki alisaidia kwa moyo mweupe, wala wema huo hautasahaulika. Lakini ni dhahiri kwamba mradi ule uliwapa kazi wafua chuma wa China kabla ya kumpa kazi mfua chuma wa Tanzania.

Pamoja na hayo, TAZARA iliacha mbegu. Huko Mang'ula, safari fupi kutoka Ifakara, karakana iliyohudumia ujenzi wa reli ilikuja kuwa kiwanda cha mashine na vipuri chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limekwisha kuvitaja viwanda vya chuma na vya zana za mashine miongoni mwa njia kuu za uchumi, na katikati ya miaka ya 1970 mipango ya nchi ilivipa viwanda vya msingi nafasi ya mbele. Fikra ile ilikuwa sahihi. Kilichopungua ni mnunuzi wa kudumu. Kiwanda cha vipuri hakiwezi kuishi kwa kusifiwa katika hotuba; huishi kwa oda za kila mwaka, na mwenye uwezo wa kutoa oda hizo kuliko wote ni Serikali na mashirika yake.

Nchi haikunyimwa mali ya asili. Liganga, katika Wilaya ya Ludewa, kuna hazina ya chuma inayokadiriwa kuwa tani milioni 126, na jirani yake Mchuchuma kuna makaa ya mawe. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba na kampuni ya China kwa ajili ya miradi hiyo miwili, lakini hadi mwaka 2024 uchimbaji mkubwa ulikuwa haujaanza. Kwa sababu hiyo viwanda vya nondo vya nchini vimeendelea kutegemea chuma chakavu na malighafi kutoka nje. Yafaa ikumbukwe kwamba chuma cha Liganga kikishuka siku moja kutoka Makambako kwa treni kwenda pwani, kitapita Mlimba na Ifakara. Bonde hili litakuwa mlango wa chuma cha taifa.

Sera ya Serikali katika jambo hili si siri. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, iliyoanza kutumika mwaka 2024, inatoa upendeleo kwa makampuni na bidhaa za ndani, na zabuni zimehamishiwa katika mfumo wa kielektroniki wa NeST. Wako wanaoipinga sera hiyo. Wanasema kwamba chuma cha nje mara nyingine ni cha bei nafuu, na kwamba kumlinda mwenye kiwanda wa ndani ni kumtoza mlipa kodi ili mtu binafsi anenepe. Hoja hiyo isidharauliwe. Ulinzi usio na masharti huzaa uvivu, na bidhaa hafifu haigeuki kuwa bora kwa sababu imetengenezwa Tanzania. Upendeleo ni halali pale tu unapoambatana na kipimo.

Hapa ndipo mwalimu anapoingia. Chuma cha Serikali hakinunuliwi na wakubwa wa wizara peke yao. Oktoba 2021 ulizinduliwa mpango wa shilingi trilioni 1.3 wa kukabiliana na athari za UVIKO-19, na ndani yake vilijengwa vyumba vya madarasa 15,000. Vyumba vya shule za sekondari vilitengewa shilingi milioni 20 kila kimoja. Kwa utaratibu wa fosi akaunti, yaani kutumia mafundi wa mahali hapo, walimu wakuu na kamati za shule walijikuta wakinunua nondo, mabati na saruji kwa wakati mmoja nchi nzima. Malalamiko ya kupanda kwa bei yakasikika karibu kila mkoa. Mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini alikuwa ameingia sokoni kama mnyonge, kidogo kidogo na kwa haraka, na mfanyabiashara akampangia bei.

Ubora nao hupotea katika haraka hiyo. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 hupaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 10.7. Ikiwa kipenyo chake halisi ni milimita 11, uzito wake hushuka hadi karibu kilo 9. Kwa macho tofauti hiyo haionekani, lakini asilimia 16 ya chuma imekwisha kuibiwa. Viwango huruhusu tofauti ndogo, si pengo la namna hiyo. Katika nondo 100 umma hupoteza kilo 170, na nguvu ya boriti inayobeba paa juu ya vichwa vya watoto hupungua kwa kiasi kile kile. Mwalimu wa hisabati anaweza kuligundua hilo kwa mizani ya duka la mpunga pale Ifakara. Kamati ya mapokezi inayotia saini bila kupima imeuza haki ya wanafunzi, hata kama haikupokea senti moja ya rushwa.

Kwa hiyo mambo matatu yanahitajika. Kwanza, halmashauri zijumlishe mahitaji yao ya mwaka mapema, na Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini uyafungie mikataba ya jumla na viwanda, ili shule ya Malinyi ipate bei ile ile inayopata wizara, ikiongezwa nauli ya lori tu. Pili, kiwanda kinachopewa upendeleo kithibitishwe na Shirika la Viwango, lililoanzishwa mwaka 1975, na chuma chake kipimwe tena kinapofika kwenye mradi. Tatu, miradi mikubwa iandike katika mikataba yake kiasi cha chuma kitakachotoka viwanda vya ndani.

Jambo hili la tatu ni la haraka. Septemba 2024, mjini Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan na marais wa Zambia na China walishuhudia utiaji saini wa makubaliano ya kuifufua TAZARA. Reli ile ile inarudi kutaka chuma. Mwaka 1970 Tanzania ilikuwa na udhuru wa kutokuwa na kiwanda wala wahandisi wa kutosha. Leo viwanda vya nondo vipo, wahandisi wapo, na Mang'ula ipo pale pale kando ya njia ya reli. Ikiwa hata bolti na vipuri vidogo vitasafirishwa kuvuka bahari na kupita mbele ya karakana hiyo, vizazi vijavyo havitalaumu mkopo wala mkopeshaji. Vitamlaumu mtumishi aliyeandaa zabuni bila kuuliza kilichokuwapo nyumbani.