Dira za Kale Zenye Majimaji: Yampasayo Fundi Kujua



Dira ndiyo kiongozi wa baharia na rubani. Lakini dira kavu huyumbayumba chombo kipandapo wimbi. Kwa ajili hiyo Mwingereza Francis Crow alivumbua dira iliyojazwa majimaji mwaka 1813, na Mmarekani Edward Ritchie akaitengeneza vizuri zaidi mwaka 1862. Majimaji hayo huituliza sumaku, tena huupunguzia mzigo msumari mdogo unaoibeba.

Dira za namna hiyo zilifungwa katika ndege za Kiingereza, kama Spitfire, wakati wa Vita Kuu ya Pili, 1939 hadi 1945. Nyingi zingali mikononi mwa watu, nazo hupelekwa kwa mafundi kwa kuwa mpira wa kuzibia umekauka, majimaji yamevuja, na povu la hewa limeonekana chini ya kioo. Mwenye dira husema, "Ongeza mafuta kidogo tu." Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Kwanza, majimaji si ya namna moja. Dira nyingine zilijazwa spiriti, nyingine mafuta safi ya jamii ya mafuta ya taa. Fundi akikosea, mpira huweza kuvimba, rangi ikabanduka na herufi zikapotea. Tena mvuke wa spiriti hushika moto upesi. Basi sigara na jiko viwe mbali.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, alama zilizong'aa gizani mara nyingi zilipakwa rangi yenye redio, yaani radiamu. Leo hazing'ai, na wengi hudhani sumu imekwisha. Sivyo. Kilichochoka ni ile dawa ya kung'aa. Radiamu hupungua nusu kwa miaka 1,600 hivi. Dira iliyopakwa mwaka 1940 ingali na zaidi ya sehemu 95 katika 100 za radiamu yake.

Madhara yake yalionekana Marekani. Katika mji wa Orange, New Jersey, tangu mwaka 1917 wasichana walipaka rangi hiyo katika nyuso za saa, wakichongoa brashi kwa midomo. Radiamu iliingia mifupani mwao kana kwamba ni chokaa ya mwili. Mataya yalioza, na wengine wakafa. Wao hawakuonywa, fundi wa leo ameonywa.

Kwa hiyo, dira ya kale isifunguliwe kabla haijapimwa kwa chombo cha kutambua mionzi. Ikionekana ina radiamu, kioo kisiondolewe, rangi isikwanguliwe, na majimaji yaliyovuja yasimwagwe ovyo, maana huenda yamechukua chembe za rangi. Ipelekwe kwa wataalamu wa mionzi.

Isiyo na radiamu ijazwe majimaji yaliyoagizwa na mtengenezaji, tundu la kujazia likiwa juu, hata hewa yote itoke. Vyombo vya kazi viwe vya shaba, kwa kuwa chuma huvuruga sumaku. Kisha ilinganishwe na pande zinazojulikana kabla ya kutegemewa baharini.

Dira iliyoharibika yaweza kuwekwa kabatini ikatazamwa tu. Mfupa wa fundi ukiisha kuingiwa na radiamu, hakuna wa kuutengeneza. Tahadhari kabla ya hatari.