Barua ya Maandamano Si Barua ya Kuomba Ruhusa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Dandora)

Ndugu wanachama, wake kwa waume,

Tumekutana kwa ajili ya ile barua yetu ya maandamano. Mwenzetu aliipeleka katika kituo kimoja cha polisi, akaambiwa, "Ruhusa hakuna." Wengine wetu wamesema basi, tunyamaze. Sisi wa kamati twasema, kwanza tuijue sheria hiyo ilikotoka.

Tarehe 16 Machi 1922 watu walikusanyika Nairobi mbele ya kituo cha polisi, wakidai Harry Thuku afunguliwe. Walipigwa risasi. Serikali ilihesabu maiti 21. Watu walisema ni zaidi.

Dandora yetu haikuwako wakati huo. Ilijengwa katika miaka ya 1970. Lakini jirani zetu wa Kaloleni wana habari ya mwaka 1950. Tarehe 23 Aprili, katika ukumbi wao, Makhan Singh alitoa azimio la kudai uhuru wa Afrika ya Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai, viongozi wa wafanya kazi, walikamatwa. Kesho yake Nairobi iligoma, ikagoma zaidi ya wiki nzima, na polisi wakawatawanya watu kwa moshi wa machozi. Makhan Singh alizuiliwa mpaka 1961.

Mgomo ulikwisha Mei. Juni ya mwaka ule ule Sheria ya Utaratibu wa Umma ikaanza kazi. Mkoloni hakusema maandamano hayako. Alisema, chukueni leseni kwanza. Basi mwenye kulalamikiwa ndiye akawa mwenye kutoa leseni! Mkoloni akaondoka 1963, leseni ikabaki.

Ndugu, leseni hiyo iliondolewa 1997. Sheria ingali ile ile ya 1950, lakini sasa yataka taarifa tu: impelekee mkuu wa kituo cha polisi siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla ya maandamano, na itaje mwenye kuyaandaa, siku, saa na njia. Ikiwa wengine wamekwisha kutoa taarifa ya mahali na saa ile ile, ni lazima atuambie mara moja. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 37, yatupa haki ya kuandamana kwa amani, bila silaha.

Kwa hiyo tutaandika tena, nakala mbili. Neno "twaomba" tulifute, tuandike "twatoa taarifa." Watakwenda watu watatu, si mmoja. Wakikataliwa, wadai sababu kwa maandishi.

Na siku ya kuandamana, asiwepo mwenye jiwe wala rungu. Jiwe moja litawapa sababu waliyokuwa wakiitafuta.

Umoja ni nguvu.