Zebaki na Mama Mja Mzito

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na wazee wa Meru na Embu



Twanena juu ya jambo ambalo kwa desturi huachiwa wanawake na wakunga. Tumelileta mbele ya wazee kwa sababu mtoto aliye tumboni ni wa ukoo mzima.

Zebaki ni madini ya majimaji yang'aayo kama fedha, yaonekanayo ndani ya vipima-joto vya kale. Lakini iingiayo nyumbani kwa siri ni ile iliyochanganywa katika baadhi ya sabuni na mafuta ya kung'arisha ngozi. Huizuia ngozi kufanya rangi yake ya asili, kisha hupenya, huingia katika damu, na kudhuru figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walitoa taarifa ya wagonjwa 60 wa figo. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia mafuta ya namna hiyo. Baadhi yao walipata nafuu walipoyaacha.

Kwa mja mzito hatari ni maradufu, kwani zebaki huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto, ambaye ubongo na figo zake zingali zinaumbwa. Akiisha kuzaliwa, huweza kumfikia tena kwa maziwa ya mama.

Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliogunduliwa mwaka 1956 ulitokana na zebaki ya kiwandani iliyoingia katika samaki. Mama wengine walionekana wazima, nao wakazaa watoto walioharibika ubongo. Zebaki ile ni ya namna nyingine, iliyo kali zaidi kwa ubongo. Walakini funzo ni moja: uzima wa mama si ushahidi wa uzima wa mtoto.

Mkataba wa mataifa uitwao kwa jina la mji ule ulipitishwa mwaka 2013, na mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kuviondoa vipodozi vyote vyenye zebaki ifikapo 2025. Lakini sheria haiwezi kukagua kila kibanda cha soko, tangu Embu hata Maua.

Hapa twaomba ruhusa kusema wazi. Binti hajipaki mafuta haya kwa kupenda ugonjwa. Tangu utoto wake amesikia msichana mweupe akisifiwa katika nyumba zetu, hata katika mazungumzo ya posa. Sifa hizo zimetoka vinywani mwetu. Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Basi twawaomba mambo matatu.

Kwanza, mama atumiaye mafuta haya asiaibishwe. Aache mara moja, akichukue chombo chenyewe mpaka kliniki, na kumweleza mwuguzi.

Pili, vijana waliosoma wawasomee mama zao maandishi ya chombo. Kisichotaja vilivyomo, chenye alama Hg, au kionyacho kwamba kisiguse vyombo vya fedha, dhahabu au aluminiamu, kisinunuliwe.

Tatu, wazee wetu, katika posa na katika baraza, tuache kupima thamani ya binti kwa rangi yake. Sabuni hupata mnunuzi pale neno letu lilipotangulia. Tukilibadili neno hilo, tutakuwa tumemlinda mjukuu ambaye hatujamwona bado.