Mpira wa Mikono Utamlisha? Hotuba kwa Wachezaji na Wazazi

Hotuba hii ilitolewa na afisa wa michezo mbele ya wachezaji wa shule za sekondari, wazazi na walimu mjini Machakos.



Wazazi wengi hutuuliza: "Mtoto wangu anacheza mpira wa mikono. Je, mpira huo utamlisha?" Leo tulijibu swali hilo bila kuficha.

Kule Ujerumani na Ufaransa, mchezaji wa ligi kuu husaini mkataba na klabu, akalipwa kwa kucheza. Hapa Kenya, timu zetu kubwa ni za waajiri. Nairobi Water, inayosifika kwa timu ya wanawake, ni ya kampuni ya maji ya jiji. NCPB ni ya halmashauri ya nafaka. Ulinzi ni ya wanajeshi. Anayekuita kwenye timu mara nyingi ndiye anayeweza kukupa kazi, na kazi huulizia vyeti. Kijana aliyeacha shule ili afuate mpira hufika mlangoni mikono mitupu.

Wazazi, msiwazuie mabinti. Njia hii ni yao pia.

Vijana, fahamuni mwili unadai nini. Mechi ni dakika 60 kwenye uwanja wa mita 40 kwa 20. Unakimbia, unaruka, unageuka ghafla, unagongana. Magoti na mabega huumia. Wachache hubaki kileleni baada ya miaka 35. Mtumishi wa umma hustaafu akiwa na miaka 60. Hesabu basi: ukiacha kucheza ukiwa na 35, bado una miaka 25 ya kufanya kazi. Utaifanya kwa ujuzi gani?

Kabla ya kuweka sahihi, uliza maswali manne. Je, nimeajiriwa, au nitapewa posho ya mechi tu? Nikiumia, nani atalipa hospitali, na mshahara utaendelea? NSSF na bima ya afya zitalipwa? Nitapewa nafasi ya kusoma? Majibu yawe kwa maandishi, na mzazi ayasome.

Msidanganywe na sifa. Januari 2021, Gauthier Mvumbi aliichezea DR Congo kwenye mashindano ya dunia nchini Misri. Jina lake lilivuma mitandaoni, hata Shaquille O'Neal wa mpira wa vikapu akamtumia salamu. Lakini klabu yake ilikuwa Dreux, timu ya daraja la chini Ufaransa. Kujulikana ni kitu kimoja, kulipwa ni kingine.

Walimu, Gredi ya 10 sasa ina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Mwanafunzi mwenye kipawa aelezwe mapema kwamba mchezo una makocha, waamuzi na wataalamu wa kutibu majeraha. Hizo ni kazi ambazo goti likiumia haziishi.

Kwa hivyo mzazi, jibu ni hili: mpira wa mikono unaweza kumfungulia mtoto mlango wa ajira. Shule ndiyo itakayomweka ndani.